Gari Inazima, Mama Anataka Kwenda Murangi

Ijumaa, jioni. Ziwa limechafuka tangu asubuhi, upepo unapiga mabati ya jirani, na mimi nina grisi mpaka kwenye nyusi. Lakini roho yangu nyeupe. Leo nimecheka mpaka mbavu zimeuma, nimelia kidogo pia, na ngoja niandike yote kabla sijaoga, maana nikioga tu nimelala.

Kwa anayepita kwenye shajara yangu hii ya mtandaoni mara ya kwanza: naishi Makoko, Musoma, nauza vitenge sokoni, na nina kagari keupe kenye umri mkubwa kuliko mwanangu wa mwisho. Tangu Jumanne kanaumwa. Ukiwasha inawaka vizuri tu, halafu sauti inapanda, inashuka, inapanda, inashuka, mara kimya. Imezima. Ukikanyaga mafuta inaenda bila shida yoyote, lakini simama kidogo kupisha ng'ombe wavuke, imezima tena, na ng'ombe wanakuangalia kwa huruma. Mafundi wanaitaga hiyo sailensi, ile sauti ya injini inaponguruma yenyewe bila mguu kwenye mafuta. Basi gari yangu ilikuwa haina sailensi kabisa.

Na kesho ndiyo siku ya kumrudisha mama kwake Murangi.

Mama aliteleza akitoka ziwani kuteka maji, akavunjika mguu wa kushoto, nikamleta kwangu. Sasa hogo, ile plasta ngumu ya mguuni, limetolewa, anatembea, na daktari amesema anaweza kurudi, ila asikae amebanwa kwenye basi magoti yamekunjwa kwenye barabara ile ya mashimo. Kwa hiyo bila gari yangu hakuna safari. Na yeye lazima awe nyumbani kabla ya Jumapili, kwa sababu baada ya ibada wanawake wa jumuiya yake watakuja kumwona. Hao ndio waliomlimia na kumpalilia mihogo yake muda wote alipokuwa kitandani kwangu. Amewatumia salamu kwamba atakuwepo. Mama akisema atakuwepo, hata umwekee mlima njiani atauzunguka.

Utaniuliza kwa nini sikuita fundi. Fundi wa mwisho aliyeshika gari hii hakutafuta ugonjwa, alikaza skrubu moja tu, sauti ikapanda juu moja kwa moja. Nikawa natembea mjini na kitu kinachonguruma kama mashine ya kusaga, watu wanageuka kuangalia nimebeba magunia mangapi. Niliirudisha chini mwenyewe, na tangu siku ile najitibia mwenyewe hapa uani. Naangalia video, nasoma, nauliza, nafungua, nafunga. Nusu ya furaha yangu ya maisha iko chini ya boneti. Mtaa mzima unajua, na waliokuwaga wananicheka sasa wananiletea pikipiki zao.

Lakini wiki hii mambo hayakwenda hivyo. Nilikuwa nafungua taratibu mno. Natoa kitu kimoja, naenda kunywa chai. Narudi, nakikuta hakina kosa, nakirudisha, nasema kesho nitaangalia kingine.

Shajara, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu.

Sikutaka ipone.

Watoto wamekua, wameondoka, na nyumba hii nilishaizoea ikiwa kimya. Sasa miezi hii nikirudi kutoka sokoni nakuta taa imewashwa na mtu ananisubiri na malalamiko. Mama analalamikia kila kitu changu. Samaki wa friji hana ladha. Vigae vinampa baridi ya miguu. Jiko langu la gesi analiita moto wa uongo, eti moto gani hauna majivu, hauna joto la kuota, hauna hata mahali pa kuweka kitu kikapata fukuto. Nampenda akilalamika. Nilikuwaga nakula nimesimama jikoni. Sasa nakula nimekaa chini, na mtu ananiambia nimekonda. Kwa hiyo gari ilipoanza kuzima Jumanne nilisikitika kwa mdomo, lakini moyoni nilisema, ahsante.

Leo asubuhi nilimkuta amekaa kitandani anajaribu viatu vya safari. Anavaa, anasimama, anavua, anavaa tena. Nikaona aibu. Nikafunga duka mchana, nikarudi, nikavaa gauni la kazi.

Nilianza na kisafisha hewa. Mkazi wa Musoma lazima aanzie hapo, maana vile vidudu vya ziwani vikiinuka, gari inavivuta vyote. Nilitoa mikono miwili ya vidudu vilivyokauka, kuku wakafanya sherehe. Nikawasha. Inapanda, inashuka, imezima. Nikatoa plagi moja moja. Zote rangi nzuri, kavu, hazina masizi. Nikazirudisha. Nikasafisha mlango wa hewa kwa dawa, ukang'aa mpaka nikajiona pua. Nikawasha. Kama vile sijafanya kitu.

Hapo nikajua kuna mahali injini inavuta hewa ya wizi. Kuna vijimpira vingi vya kupitisha hewa kule nyuma, na kimoja kikipasuka, hewa inaingia bila hesabu, gari inachanganyikiwa. Namna ya kukipata ni kupuliza maji kidogo kidogo kwenye kila kiungo injini ikiwa inanguruma, ukisikiliza sauti itabadilika wapi. Chupa ya kupulizia ninayo, ile ninayonyunyizia vitenge nikipiga pasi. Tatizo ni nani akanyage mafuta ili isizime.

Mama akasema, "Mimi je, mguu wa kulia nao umevunjika?"

Nikamkalisha kwenye kiti cha dereva. Nikamwambia akanyage kidogo tu, taratibu. Jamani! Alikanyaga mpaka moshi ukafika barabarani, kuku wote wakahamia kwa Baba Mafuru, jirani yetu wa upande wa pili wa michongoma. Mama anacheka, mimi napiga kelele, "Kidogo, mama, kidogo!" naye anajibu, "Si umesema isizime?" Baada ya muda akaipatia, ikawa inanguruma vizuri chini ya mguu wake, na uso umemng'aa. Tulikuwa hatuonani, boneti imesimama katikati yetu.

Nikaanza kupuliza. Mbele, kimya. Ubavuni, kimya. Kule nyuma karibu na betri, sauti ikajikwaa. Nikapuliza tena, ikajikwaa tena. Nikaingiza kichwa mpaka mabega.

Kijimpira kimechomoka nusu, na ncha yake imepasuka. Sawa, mpira wa zamani, unakauka, unapasuka. Lakini pembeni yake, kwenye kile kisahani cha chini ya betri kinachohifadhi maji, niliona kitu ambacho sijawahi kuona kwenye video yoyote. Ulezi. Punje za ulezi, nyingi, tena zimeota. Zina mizizi myeupe, na chache zimeshatoa kijani.

Nikamwambia mama azime. Nikabaki nimesimama na bisibisi mkononi.

Baba Mafuru alikuwa ameshafika, amefuata kelele. Ni mtu mzuri, mzee wa kanisa, lakini kwa kutafuta mkono wa mchawi kwenye kila jambo hana mfano. Akachungulia, akarudi nyuma hatua kubwa.

"Mama Bwire," akaniita kwa jina la mwanangu, "usiguse! Nani anaotesha ulezi kwenye gari? Hicho kitu kimewekwa. Wewe unafanya biashara, unaendesha, unadhani watu wanapenda? Ngoja nimpigie mchungaji."

Na mimi, na elimu yangu yote ya video, nikarudi nyuma kama yeye. Nikakumbuka kila mtu aliyewahi kuniangalia vibaya sokoni. Nikafika mpaka kwa shemeji yangu wa Bunda, ambaye Jumapili iliyopita, nilipoenda harusini kule, alizunguka gari yangu mara mbili akisema bado inadai, yaani bado ina nguvu. Nikasema ni yeye! Maana kwenda ilikuwa nzima, na kurudi nilipita njia panda ya Butiama ikiwa nzima, na Jumanne ikaanza kuumwa. Nilishamhukumu mtu na hukumu nimeshaisoma.

Halafu nikasikia ndani ya gari kitu kama mtu anakohoa. Nikazunguka boneti. Mama ameziba mdomo kwa kanga, machozi yanamtoka, anatikisika kwa kicheko mpaka kiti kinalia.

"Baba Mafuru, acha kumsumbua mchungaji," akasema. "Mchawi ni mimi."

Ni hivi. Mama alikuwa anatengeneza kimea. Anayejua togwa anajua: unaloweka ulezi, unauchuja, unaufunga kwenye kiroba kibichi, unauweka mahali penye giza na fukuto mpaka uote, ndipo uanike na kusaga. Kwake Murangi kiroba kinakaaga karibu na mafiga, kwenye majivu ya moto. Kwangu hakuna mafiga wala majivu. Kuna vigae na upepo wa ziwa. Amekaa anafikiria wapi penye joto katika nyumba hii ya kizungu, akaniona narudi kutoka harusini Bunda, gari inafuka joto. Kufungua boneti ananionaga kila asubuhi nikiangalia maji. Basi jioni, mimi nikiwa bafuni, anaenda anapachika kiroba chake karibu na betri na kufunga. Alfajiri kabla sijaamka anakitoa. Jumanne kamba ya kiroba ilinasa kwenye kitu, akavuta, ikagoma, akavuta kwa nguvu. Kiroba kikatoboka kidogo, punje zikamwagika, yeye akashukuru kwamba zilizobaki ni nyingi.

Kitu chenyewe ndicho kijimpira changu.

"Na huo ulezi uko wapi?" nikauliza.

Umeshakauka. Umeshasagwa. Aliyeupeleka mashineni ni mke wa Baba Mafuru! Mzee wa watu alivyosikia hivyo akaanza kuangalia juu kama anatafuta mvua. Akasema ana kazi kidogo nyumbani, akaondoka. Nilisikia anamwita mkewe kwa jina lote.

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye vumbi. Lakini nikamuuliza mama, kwa nini ufiche? Mimi si ningekununulia unga wa kimea sokoni?

Akaacha kucheka. "Wale wanawake walishika jembe langu, Nyangeta. Siwezi kuwapa togwa ya kununua. Na ningekwambia, ungesema pumzika, mama. Nimepumzika mpaka nimechoka."

Kila siku hiyo ndiyo sentensi yangu. Pumzika mama, acha ufagio mama, kaa mama. Nilidhani ni upendo, na ni upendo kweli, lakini kumbe nilikuwa nimemfanya mama yangu aamke alfajiri kama mwizi ili afanye kazi yake.

Nikarudi nyuma ya boneti. Nikachomoa kile kijimpira, nikamwambia mama awashe na kukanyaga kidogo. Kabla ya kukata ile ncha mbovu nilitaka kuhakikisha, kwa hiyo nikaziba tundu kwa kidole. Nikamwambia aachie mafuta taratibu. Sauti ikashuka, ikatulia. Ilitulia kweli, laini, haipandi wala haishuki. Nikatoa kidole, ikaanza kuhema na kutaka kufa. Nikaziba. Ikatulia.

Safari yote ya Murangi ilikuwa chini ya kidole changu kimoja. Mama hanioni. Nikitoa kidole itazima, nitasema mama, ugonjwa ni mkubwa, tutaenda mwezi ujao. Nani angejua? Kesho jioni ningemkuta sebuleni analalamikia samaki. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko inavyotakiwa kwa kazi ya kijimpira.

"Nyangeta," mama akaita kutoka kwenye kiti. "Nimetoa mguu zamani. Mbona haizimi?"

Nikaacha kidole palepale.

"Imepona, mama."

Akazima injini. Nikakata ile ncha kwa wembe, nikachomeka sehemu nzima, nikakaza na klipu, na juu ya klipu nikafunga waya ili nisije nikabadili mawazo. Nikamwambia mama awashe na kuzima, awashe na kuzima, awashe taa zote, apige resi na kuachia. Inarudi mahali pake kila mara. Nikafunga boneti, ndipo tukaonana kwenye kioo. Mama ananiangalia tu.

"Basi," akasema. "Nilikuwa nakuangalia tangu Jumanne. Mtu anayetaka gari ipone haendi kunywa chai kila akitoa nati moja."

"Mama!"

"Na mimi nimekuzoea, mwanangu. Hata hilo jiko lako la gesi nimelizoea. Lakini mtu ana kwake." Halafu akanyoosha mkono ili nimsaidie kushuka, akaushika wangu na grisi yake yote, akaniambia niingie ndani tule kwa sababu nimekonda.

Tumekula. Begi lake liko mlangoni, na unga wa kimea umefungwa juu ya begi, kwenye mfuko wake wa kanisani, sasa hadharani. Yeye ameshalala. Mimi nasikiliza upepo na kujiuliza kama Jumapili nitakula nimekaa au nimesimama. Nitakaa. Nimeamua hivyo. Na Jumamosi moja moja nitaenda kulalamikiwa kulekule Murangi.

Kesho tunatoka jua halijawa kali. Nitaendesha polepole sana mpaka Suguti, na baada ya Suguti polepole zaidi. Gari ni nzima kabisa. Polepole hiyo itakuwa ya kwangu.