Mgongo Wangu na Mikono ya Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Juni
Mipira arobaini ya gofu kabla ya kazi. Baridi kali, nyasi zimelowa. Mpira wa thelathini mgongo ukanishika, nikaegemea fimbo nikijifanya natazama upepo. Miaka hamsini na sita na bado naficha mambo kama mwanafunzi. Jumapili ya tarehe kumi na tano tunacheza na klabu ya Lubumbashi. Kapiteni anataka watu wanane tu. Sijawahi kuwamo.

Jumatano, 4 Juni
Daktari kanikataza kabisa kuzungusha kiuno. Nikaitikia. Uongo mtupu.
Lakini nimegundua kitu. Nikisogeza miguu karibu na kuinua fimbo hadi begani tu, mpira hauendi mbali ila unanyooka. Niliwashinda vijana wawili hivyo. Nimefurahi mno.

Jumamosi, 7 Juni
Orodha imebandikwa. Jina langu la nane, la mwisho. Nimelisoma mara tatu.
Ngalula, mke wangu, hakucheka. "Weye uko na mugongo ya muzee, tena unataka kushindana na bantu ya Lubumbashi?"
Kinachoudhi ni kwamba dawa iko mitaa miwili kutoka hapa. Mama yake Ngalula hukanda migongo ya watu wa reli hapa Shituru, na wanaokuja wameinama huondoka wamenyooka. Lakini ni mama mkwe wangu. Kwetu Wakasai mkwe hamgusi mama mkwe, wala yeye hamgusi. Miaka ishirini na miwili sijampa mkono. Akileta chakula hukiweka mlangoni, anakohoa, anarudi nyuma.

Jumanne, 10 Juni
Tumejaribu ujanja. Mama mkwe kaketi barazani, ametupa mgongo, anamfundisha Ngalula kupitia dirishani. "Shuka chini. Chini tena. Apana, pale ni mufupa!" Ngalula akabonyeza kila mahali isipokuwa panapouma. Nimebaki na alama za vidole na maumivu yaleyale. Naogopa. Zimebaki siku tano.

Alhamisi, 12 Juni
Mjinga mimi. Ngalula kaenda Kapolowe kutafuta unga. Nikatoka uani na fimbo namba saba, nikapiga kwa nguvu zote, kama zamani. Kitu kikakatika kiunoni. Nikaanguka kifudifudi, mguu wa kushoto umekufa ganzi. Nikaita. Majirani wote wako kazini.
Mama mkwe akaja na sufuria. Akakohoa. Sikuweza kuinuka wala kujificha. Akaita watu barabarani, hakuja mtu. Akaweka sufuria chini. Kisha akafungua kitenge chake cha juu, akanifunika nacho mgongoni, akapiga magoti, akakandamiza kwa viganja vyote viwili. Nililia kwa sauti. Baada ya hapo mguu ukarudi.
Akaondoka bila kunitazama. Sufuria akaisahau uani.

Ijumaa, 13 Juni
Mgongo haujawa mwepesi hivi tangu mwaka jana. Aibu imenijaa.
Jioni akaja Baba Tshibangu, mdogo wa marehemu baba mkwe. Mama mkwe kamweleza yote. Mwiko umevunjwa, lazima nipeleke mbuzi wa kuusafisha, mimi mwenyewe, mbele ya familia yote. Hadi hapo mama mkwe hatoki chumbani na hagusi mtu yeyote. Siku ni Jumapili asubuhi. Nikaomba Jumatatu.
"Lundi miye niko mu njia ya Mbuji-Mayi. Familia itakusanyika dimanche. Unataka mama abakie mu chumba sababu ya mupira?"
Nilimchukia. Bado namchukia kidogo.

Jumamosi, 14 Juni
Mipira arobaini. Sijawahi kupiga hivi maishani. Kiuno kinazunguka, mpira unapaa. Kapiteni kanipiga bega: kesho saa mbili kamili. Sikumwambia kitu.
Nikafikiria kumtuma kaka yangu na mbuzi. Ngalula anapanga vyombo, hanitazami. "Ile mikono ni ya mama yangu. Weye mwenyewe uone."
Nimemnunua mbuzi. Analia uani. Sijaamua.

Jumapili, 15 Juni
Saa kumi na mbili asubuhi nilimpigia kapiteni kumwambia siji. Alikata simu kabla sijamaliza.
Nikamvuta mbuzi hadi kwa mama mkwe. Shemeji zangu wawili walishika kitenge mbele yake. Baba Tshibangu alisema maneno machache, mbuzi akapokelewa. Nyuma ya kitenge nikamsikia mama mkwe akivuta pumzi ndefu. Akaomba maji anawe mikono.
Wanaume watatu wa reli walikuwa wameshaketi kwenye ukuta wa nje, wameinama, wakingoja zamu. Wa kwanza akaingia nilipokuwa natoka.
Lubumbashi wametushinda kwa shimo moja.
Nimekaa barazani. Mgongo hauumi hata kidogo.