Kanda za Dada

Jumatatu, 3 Machi

Mkurugenzi kaniita ofisini kwake. Mwisho wa mwezi huu Jua la Kwanza inatimiza miaka thelathini. Anataka kipindi maalumu, saa nzima: historia ya taarifa yetu ya asubuhi tangu siku ya kwanza. Akauliza, mzee wa maktaba, kanda za zamani zipo? Nikasema zipo.

Zipo! Neno limenitoka kama chafya. Miaka ishirini na nane nalijibu swali hilo hivyo hivyo, siku hizi mdomo hauombi hata ruhusa.

Akashuka nami mpaka chini kwangu. Rafu zimejaa makasha, yote yamesimama wima, yote yana namba. Akavuta droo ya kadi, akasoma moja kwa sauti: "Toleo la 212. Paa limevuja studio. Msomaji kasoma taarifa nzima kashika mwavuli, mvua hakuitaja hata mara moja." Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema hii ni dhahabu tupu. Nami nimesimama pembeni kama mwizi anayesifiwa kwa kufunga mlango vizuri.

Msomaji wa mwavuli ni dada yangu.

Jumanne, 4 Machi

Mpwa wangu kapiga simu mchana. Ni mwezi wa nne sasa tangu mama yake apatwe na kiharusi. Dada anaelewa kila kitu. Anatembea akishikwa mkono. Ila sauti hakuna — anafungua mdomo, inatoka pumzi. Mwanamke aliyeamsha nchi nzima kwa miaka kumi na tisa, saa kumi na mbili kamili, bila kukosa!

Yule mwalimu wa hospitali anayemfundisha kusema upya katoa wazo. Eti mgonjwa akijisikia mwenyewe akizungumza, mara nyingine ulimi hukumbuka njia. Nyumbani hawana rekodi hata moja. Dada hakuwahi kujiwekea. Ajiwekee ya nini, na mdogo wake ndiye mtunza kanda?

"Mjomba, tuletee hata tatu tu. Na ile ya kwanza kabisa, mama anaipenda sana hiyo."

Nikamwambia nitaangalia.

"Unaangalia nini tena, si zipo?"

Nikasema zipo. Mara ya pili ndani ya siku mbili. Mke wangu kaniuliza mbona sili, nikamwambia jino.

Alhamisi, 6 Machi

Sijalala vizuri. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mimi. Acha niandike hapa, angalau mahali pasipo na macho ya mtu.

Hazipo.

Kipindi kilianza kwenye chumba kilichokuwa stoo ya rangi. Kamera moja, meza moja, pazia la kuficha ndoo. Dada alisoma habari akinusa rangi mwaka mzima. Mwaka wa pili akanitafutia kazi — alikwenda mwenyewe kwa mkubwa wa wakati ule akamwambia, nina mdogo wangu ana mwandiko mzuri. Kweli nilikuwa nao. Nikapewa maktaba, nikaanza kwa kuzitazama kanda za mwaka wa kwanza na kuziandikia kadi.

Mwaka wa tatu kanda mpya zikakoma kuja. Likatoka agizo: taarifa ikae siku tisini, kisha kanda irudi studio irekodiwe juu yake. Kila Ijumaa asubuhi nilisukuma kigari na makasha yaliyotimiza siku. Hakuna aliyenilazimisha kwa bakora. Agizo lilikuwa la mstari mmoja na mimi nililitii miaka kumi na saba.

Agizo lilikuwa na sehemu ya pili: kanda ikirudi studio, kadi yake ichanwe. Hapo ndipo nilipokosea. Sikuzichana. Nilikuwa nimeziandika kwa mkono wangu, kila moja na kisa chake. Nilimwona Dada akilia mbele ya kamera siku ya ajali ya kivuko, nikaandika. Nilimwona mgeni rasmi akisinzia akiwa hewani, nikaandika. Kuchana karatasi ile niliona ukatili. Kufuta kanda yenyewe sikuona kitu.

Kadi elfu nne na mia saba. Makasha mia sita na arobaini. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kulinganisha. Wakubwa wote waliopita wamefungua droo, wakaona kadi, wakaridhika.

Na Dada naye. Kila sikukuu, kila msiba, mezani: "Zangu zipo?" Zipo, Dada, ziende wapi. Mwanzoni niliogopa kumuudhi. Baadaye niliona muda umepita mno, nikaacha.

Ijumaa, 7 Machi

Nimebaki ofisini peke yangu wakati wa chakula. Nimetoa kasha la kwanza kabisa. Lebo kwa mwandiko wangu, sikuwahi kuibadilisha: Toleo la 1. Ndani: somo la ufugaji wa nyuki, sehemu ya sita.

La pili: mpira. La tatu: mpira. La tano: nyuki tena.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi nimewasha televisheni kama kila mtu. Yule kijana wa tai anayesoma siku hizi katangaza kwa tabasamu: mwisho wa mwezi tutafungua hazina yetu ya miaka thelathini, hakuna siku iliyopotea! Mke wangu kanipiga kibega, eti leo umetajwa. Chai ikanipalia.

Nikaenda kwa Fundi. Tumezeeka pamoja jengo hili. Mashine moja iliyobaki ya kuchezea kanda hizo inaishi kwa huruma yake. Nikamweleza yote nimesimama mlangoni. Mwanzoni kacheka — nyuki! — kisha akaona uso wangu, akaacha.

Akauliza, "Dada yako anajua?"

"Hajui."

Akafuta mikono. Halafu akauliza kama nimezitazama kanda hizo mpaka mwisho. Mpaka mwisho wa nini, nimemjibu, nyuki wanachosha. Akasema kipindi cha Dada kilikuwa saa nzima na kanda iliachwa ikizunguka mpaka iishe. Vipindi vilivyorekodiwa juu yake vingi vilikuwa vifupi kidogo. Twende.

Tukasukuma kanda mbele mpaka dakika ya hamsini na tisa. Bwana nyuki akaaga. Mistari, chenga, skrini nyeusi. Halafu — Dada! Kijana, shanga shingoni, anakusanya karatasi. "…na siku njema kwenu nyote. Kwaherini." Muziki. Taa zikazimwa moja moja. Anavua viatu chini ya meza. Anauliza kama kuna maji. Basi.

Fundi kanishika bega. Nimelia mbele ya mwanamume mwenzangu na sikuona haya.

Jumanne, 11 Machi

Siku nzima tumetazama mikia ya kanda. Nyingi hazina kitu. Thelathini na moja zinaye.

Thelathini na moja, na zote ni kuaga! Hakuna hata moja ambamo anasema habari za asubuhi. Kwaherini akiwa na mimba ya mpwa wangu, tumbo limegusa meza. Kwaherini na mafua. Kwaherini huku akimtafuta mtu nyuma ya kamera kwa jicho, mkosaji fulani, nalifahamu jicho lile. Nywele zinabadilika, meza inabadilika, saa ya ukutani iliyokuwa ikichelewa inaondolewa. Miaka kumi na tisa ya taarifa, na kilichobaki ni mwanamke anayenyanyuka kitini.

Fundi anasema ni afadhali kuliko mikono mitupu. Sijui. Mgonjwa anataka kurudishiwa sauti, nimpelekee kwaheri thelathini na moja?

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kwa Dada kumwambia. Nimepiga moyo konde njia nzima, nimepanga maneno, hata pa kuvuta pumzi nimepapanga.

Nimemkuta kwenye kiti chake karibu na dirisha. Mpwa ameshahamisha kabati ili mashine ya kuchezea kanda ipate nafasi. Amefuta vumbi, ameweka kitambaa. Dada akaninyooshea kidole, kisha akaonyesha nafasi ile, kisha akajionyesha yeye mwenyewe. Upande mmoja wa uso ukacheka. Mpwa akasema, "Tangu nimwambie halali mchana. Mwalimu kasema hajawahi kumwona na bidii namna hii. Jana katoa 'ma'. Tuliisikia wote."

Nikasema mashine inatengenezwa. Jumapili.

Mwongo mkubwa mimi. Miaka sitini na mbili na bado naogopa dada yangu kama nimevunja sahani.

Alhamisi, 13 Machi

Kwa Mkurugenzi nimethubutu. Fundi kanisindikiza. Nikamwambia kanda zimefutwa, zote za miaka kumi na tisa ya kwanza, na aliyefuta ni mimi. Nilitegemea anifukuze. Nilitaka anifukuze, ukweli wa Mungu.

Akafikiri kidogo. Akauliza, "Kadi si zipo?"

Zipo.

Basi hakuna neno, kasema. Yule msichana wa hali ya hewa avalishwe kizamani, apewe mwavuli, tumwagie maji kutoka juu. Picha tuipaushe kidogo. Mtazamaji atajuaje? Na mimi nitasimamia ili kila kitu kiwe sahihi. Kanipa na cheo: mshauri wa historia. Nimepandishwa kwa kufuta!

Nikamwambia msomaji mwenyewe yu hai, anatazama. Kasema atafurahi, ataalikwa.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimeona jambo ambalo bora nisingeliona.

Kasha la mwisho kabisa la Dada. Kadi yake naijua kwa moyo: "Msomaji anaaga baada ya miaka kumi na tisa. Hakulia." Siku ile walimwondoa kwa barua ya mistari mitatu, kiti akapewa kijana. Juu ya kanda hiyo kuna mpira, na nyuma ya mpira kuna dakika moja na sekunde arobaini.

Kwaheri imeshapita. Taa za mbele zimezimwa, maikrofoni hawajaifunga. Kuna mwanamke pembeni haonekani, analia, nadhani ni yule aliyekuwa akimpaka vipodozi. Dada anamtuliza yeye, badala ya yeye kutulizwa. Anamwambia hivi, nimeandika neno kwa neno:

"Usinililie bwana. Kiti si changu, kiti ni cha kituo. Changu kipo kule chini kwa mdogo wangu. Ameniwekea chote, tangu siku ya kwanza, hata ile niliyosoma na mwavuli. Wengine wanastaafu hawana hata picha. Mimi nikizeeka nitakaa kitini kwangu nitazame kipindi kimoja kimoja, asubuhi mpaka asubuhi. Sitachoka."

Kisha anacheka. Kicheko chake chote, pande zote mbili za mdomo.

Siku tisini baadaye nikaisukuma kanda hiyo kwenye kigari. Sikumbuki hata Ijumaa yenyewe ilikuwaje. Nadhani ilikuwa ya kawaida tu.

Nimemwonyesha Fundi. Kaitazama mara moja, akazima mashine mwenyewe. Kasema katika zote thelathini na moja hii ndiyo ndefu, hii ndiyo ambamo anazungumza sana. Kama ni ulimi kukumbuka njia, ni hii.

Najua. Hilo ndilo linaloniua.

Jumamosi, 15 Machi

Hakuna. Nimelala kutwa nzima. Mke wangu sasa anajua. Nimemweleza kitandani nimegeukia ukuta. Hakunilaumu. Kasema tu, "Sasa Jumapili utasema nini?"

Jumapili, 16 Machi

Naandika nimesimama jikoni kwa Dada. Fundi yuko sebuleni anahangaika na waya, anasema dakika tano.

Wamekuja watu. Sikutegemea. Mwalimu wa kusema yupo, na daftari lake. Majirani wawili, na yule mwanamke wa vipodozi, mzee sasa, anatembelea fimbo. Mpwa alimtafuta kwa siri ili amshangaze mama. Viti vimepangwa safu mbili. Dada kavalishwa vizuri, kavaa miwani. Kiti chake kimewekwa katikati, kingine kitupu ubavuni. Nimeambiwa ni changu.

Nilipoingia nilimwinamia nikamwambia sikioni, Dada, nina neno la kukuambia kabla hatujaanza. Akanipigapiga shavu kwa ule mkono mzima, akaniashiria mashine. Neno baadaye, mdogo wangu, kwanza tutazame. Nimemwelewa kabisa, hahitaji sauti kwa hilo.

Nilitoka na kasha moja tu kwenye mfuko, lile la mwisho. Zile nyingine nimeziacha kazini. Usiku kucha nilijiambia, aisikie kwa mdomo wake mwenyewe, kisha nipige magoti. Saa hizi naona huo nao ni uoga. Namtanguliza mgonjwa aseme ninachopaswa kusema mimi.

Mpwa kaingia jikoni sasa hivi. Anauliza nimeleta ngapi, ili ajue chakula akipakue saa ngapi.

"Moja."

"Ya kuanzia, eeh?"

Alikuwa ameshafungua sufuria, kisha akalifunika tena taratibu, akaniangalia. Anaendelea kuniangalia ninavyoandika. Fundi anasema tayari. Sebuleni wamezima mazungumzo, na mwalimu anamwambia Dada ajaribu kuzifuata sauti atakazosikia, hata kama ni moja moja, asione aibu. Naweka kalamu, naenda kukaa kwenye kile kiti kitupu.