Mpunga wa Mwisho wa Bibi

Jumapili, Juni 1997. Tudor.

Mvua haijakatika tangu alfajiri, na nyumba bado yanuka udi wa matanga.

Bibi tulimzika wiki iliyopita. Hilo nimeweza kulilia. Hili jingine sijamwambia mtu.

Dada Rukia anasoma Uingereza. Kazi yake na wenzake huko ni kulinganisha jeni, zile chembe za urithi, za mpunga, mtama na mahindi. Aliniandikia kwamba sehemu nyingi jeni zimepangana kwa mfuatano uleule, kwa kuwa mimea hiyo yote yatokana na mmea mmoja wa kale. Mara nyingine jeni hujinakili ikawa mbili: moja huendelea na kazi yake, ya pili hufa au hupata kazi mpya. Dada alitaka kujua kama ndivyo mpunga wa Bibi ulivyoanza kustahimili maji ya chumvi. Bibi alikuja nao kutoka Vanga, na huko hakuna aupandaye tena. Ulibaki mkebe mmoja.

"Nitumie konzi moja tu, Saumu," aliandika.

Ilibidi niende ofisi ya kilimo kuomba kibali cha kuzituma ng'ambo. Nilifika mlangoni mara mbili. Mara zote mbili nilimwona karani, nikaona haya kumsemesha, nikarudi nyumbani.

Ndipo Bibi akafariki. Siku ya hitima, Shangazi Mwanaisha akauteremsha ule mkebe.

"Mkate wa sinia wa leo utoke kwa mpunga wake mwenyewe, Mungu amrehemu. We Saumu, wasimama tu kama nguzo, ulimi umeuacha skuli? Shika mchi!"

Wanawake wakacheka, kidogo tu, kwa heshima ya msiba.

Neno moja lingetosha. Nikashika mchi.

Mkate ulikuwa mtamu. Kila mtu aliusifu.

Leo Dada amepiga simu kwa jirani. Amemlilia Bibi sana, kisha akauliza, "Na zile mbegu, mdogo wangu, zi salama?"

"Zipo," nikajibu.

Nimeanza kumwandikia barua kwa Kiingereza, maana kwa lugha ya skuli naweza kuomba radhi bila kutetemeka. Ikajaa visingizio: karani, msiba, Shangazi. Nimeichana. Hii ya pili ni ya Kiswahili, na mpaka sasa ina mstari mmoja.

Dada, hazipo. Nilizitwanga mimi.