Kizibo cha Nyuma

Goweko, Jumapili

Kaka Lusajo,

Shikamoo. Tafadhali usiisome barua hii mbele ya mama. Ningepiga simu, lakini kila nikipiga anakuambia uweke sauti juu asikie kama nakohoa, na haya ya leo sitaki ayasikie ghafla. Nimempa kondakta wa basi linalopita Chunya, akukabidhi mkononi. Nenda nayo migombani, ukae chini kwanza.

Macho yake yanaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia amebaki na uwezo wa kutofautisha mchana na usiku tu, na bado anakataa kushikwa mkono akienda jikoni. Na mgongo wako? Na yule ndama aliyezaliwa dhaifu, alisimama? Mimi mwili ni mzima. Natangulia kusema hivyo ili utakapofika mbele usidhani nimeumia. Sijaumia. Lori ndilo limekufa.

Nitakueleza kwa mpangilio. Unanijua, kila jioni naandika ya siku, kwa hiyo nimefungua daftari langu nisije nikachanganya kilichotangulia na kilichofuata.

Jumatatu nilipakia tumbaku ya Mama Kalunde, yule mama mjane niliyekuambia amenipangisha chumba. Ilikuwa safari yangu ya mwisho na mzigo kabla ya kuja huko kukukabidhi ufunguo wa lori. Mwenyewe alikaa mbele na mimi, maana siku ya soko la tumbaku mjini ilikuwa Jumatano na hakutaka mzigo wake upotee machoni pake. Kabla hatujafika Kigwa injini ikachemsha. Nikasimama, nikafunua boneti, mvuke ukatufunika wote wawili. Mama Kalunde alishuka, akajifuta uso kwa kanga, akasema, "Babu zetu walipita njia hii hii na pembe za ndovu kichwani mpaka Bagamoyo. Sijasikia hata mmoja aliyetoa moshi."

Nikacheka, kaka. Siku hiyo nilikuwa bado nacheka.

Maji yalikuwa yanachuruzika ubavuni mwa bloku ya injini, nyuma ya stata. Pale pana vizibo vya bati, vya duara, kila kimoja kama kifuniko cha chupa ya chai. Vimegongewa kwenye matundu ya bloku, na nyuma yake ndiyo maji ya kupoza injini yanazunguka. Kimoja kilikuwa kimeliwa na kutu mpaka kikatoboka. Kosa ni letu sote tunaoendesha huku. Hakuna anayeweka kulanti, ile dawa ya kupozea injini isiyoleta kutu, tunajaza maji ya kisima, kila mtu anasema hayo mengine ni ya nchi za baridi. Mimi ninayetoka kwenye baridi nikafuata mkumbo. Chumvi na kutu vimekula bati kutoka ndani misimu yote hii, huku nje napaona pazima.

Nikakanda kipande cha sabuni, nikaziba lile tundu, tukatembea pole pole tukisimama kila mahali penye dimbwi kuongeza maji. Tukaingia Tabora jioni.

Jumanne asubuhi nilikuwa gereji kwa Fundi Maganga. Ni mtu mzima, ana mikono mizuri, na mimi huniita Mbeya, jina langu halijui mpaka leo. Alimwaga maji yote, akafungua stata, akagonga ukingo wa kizibo kwa tindo mpaka kikalala upande, akakivuta kwa koleo. Akasugua tundu kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akapaka gundi ya gasketi, akaweka kipya na kukigonga taratibu kwa boksi la spana lenye upana wake ili kiingie sawa pande zote. Nilisimama nyuma yake nikiangalia kila pigo. Kazi ilikuwa safi.

Nikamwambia abadilishe vyote, kwa kuwa kimoja kikioza na wenzake wameoza. Akakubali. Akafanya vya ubavu huu na vya ubavu wa pili. Ndipo nikamuuliza kuhusu kile cha nyuma, kilichojificha kati ya injini na giaboksi.

"Hicho hakijawahi kunisumbua," akasema. "Ukikitaka lazima tushushe giaboksi. Leo haiwezekani, na kesho vilevile."

Kesho ndiyo ilikuwa siku ya soko. Mama Kalunde alikuwa amekaa juu ya tairi bovu, anatusikiliza. Nikamtazama yeye, nikautazama mzigo wake, nikamwambia fundi ajaze maji. Alijaza maji ya bomba, nami sikumkataza. Injini iliunguruma pale uani mchana kutwa, chini pakavu kabisa. Fundi Maganga akapitisha kiganja chini ya bloku na kunionyesha. "Mbeya, hata jasho hakuna."

Tumbaku ilifika sokoni Jumatano na ikanunuliwa. Hilo namshukuru Mungu, sikumwangusha yule mama.

Alhamisi nikageuza kurudi Goweko, gari tupu, Mama Kalunde akiwa ametangulia kwa basi, kuchukua virago vyangu. Njia nzima nilikuwa nawaza nitakavyopanda na lori pale mlimani, nipige honi darajani kama nilivyomwahidi mama, nawe utoke na mchumba wako Tumpe mkimshika mikono mama huku anawafokea. Baada ya Kigwa mshale wa joto ukapanda. Nikapunguza mwendo, natafuta mahali pa kusimama. Kabla sijapata, mshale ukaanza kushuka. Ukashuka vizuri tu, mpaka chini. Nikasema ahsante Bwana, imepoa. Nikaanza na wimbo, kaka. Nikakanyaga mafuta.

Kumbe mshale ulishuka kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha. Kile kipimo hupima maji, na kikikaa pakavu hakina la kusema. Kizibo cha nyuma kilikuwa kimefumuka, maji yote yameingilia kwenye nyumba ya klachi na kumwagika barabarani huku mimi naimba. Nikasikia kishindo kimoja kizito, halafu kingine, kama mtu anayegonga debe kutoka ndani. Halafu kimya. Lori likajisogeza lenyewe mpaka pembeni ya barabara na kusimama.

Fundi Maganga alikuja Ijumaa kwa bodaboda na zana zake mgongoni. Alitia chuma kuizungusha injini kwa mkono, haikutikisika. Akakaa hapo hapo barabarani na kushusha giaboksi, kazi ambayo haikuwa na faida tena. Nadhani alitaka kuona kwa macho yake. Mabaki ya kizibo yalivunjika vidoleni mwake kama jani la tumbaku kavu. Akasema, "Mbeya, hii si ya kufufua. Injini nyingine labda." Hakuniambia ni nani angeinunua, na mimi sikumuuliza. Hakutaka hata nauli yake.

Tangu hapo watu wanakuja pale kama wanaokuja msibani. Wanatoa pole, wanatikisa kichwa, halafu wanaulizia tairi. Nililala ndani ya lori kulilinda, kwa sababu nikiondoka lingebaki chesesi tupu. Usingizi haukuja. Nafikiria uliponiambia, siku naondoka na lori nikakuacha na mama, "Misimu miwili, Ipyana, kisha zamu yangu." Ya kwangu imekwisha. Umemuuguza mama, wakwe zako wamekusubiri mpaka wamechoka kuuliza, na kazi niliyopaswa kukuletea imesimama kwenye majani karibu na Kigwa. Sijui nikuombeje radhi. Nimejaribu kuandika sentensi hiyo mara kadhaa, haikai.

Jana Mama Kalunde alinifuata na chai na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Nilimwambia siwezi kuondoka. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Mwanangu, wewe unalinda chuma, mwenzako anamlinda mama yenu. Nani kati yenu amechoka zaidi?" Nikafunga milango, nikamwachia Fundi Maganga auze kinachouzika, nikarudi naye huku Goweko kwa miguu.

Kwa hiyo nakuja, kaka. Nitapanda basi linalofuata hili lililobeba barua. Nitakupa ufunguo kwa sababu niliahidi ufunguo, ingawa hakuna kitu cha kuwasha. Kuanzia siku nitakayoingia, kumpeleka mama jikoni ni kazi yangu. Wewe nenda popote utakapopata pa kuanzia. Mimi sioni ni wapi, nakwambia ukweli, lakini zamu ni yako na sitaki uitumie hata siku moja zaidi kwa ajili yangu.

Msalimie Tumpe, na umwambie mwenye kosa ni mimi. Msalimie dada Atu kule Kyela akija na watoto, na mjomba Asajile aliyenifundisha kushika usukani. Yeye mwambie mwenyewe, mimi nitashindwa. Mama Kalunde anampelekea mama asali ya mwituni, nitakuja nayo.

Mama mwambie taratibu. Asikae tena nje kusikiliza magari pale mlimani. Honi haitapigwa. Nitapanda kwa miguu kutoka barabarani, na mbwa akibweka, ni mimi.

Mdogo wako,
Ipyana