Chakula cha Foleni Hakina Shemeji

Mwaka umezunguka, Jovini, na viatu vyako vya kazi bado viko mlangoni. Mkeo Nabintu hataki mtu avisogeze. Asubuhi ile ya Juni ulivaa kaptula yako ya bluu ya posta, ukaketi kitandani ufunge kamba, ukalala ubavu. Mkeo alidhani unamtania. Daktari akasema ni moyo.

Mimi Spés, dada yako mkubwa, ndiye niliyepewa kazi ya kuandika kwa niaba ya familia, kwa kuwa wanasema mdomo wangu haujui kupumzika. Haya, leo haupumziki. Walioko hapa mtaani Newburg wasome vizuri.

Tunakumbuka Mei yetu ya kwanza hapa Louisville. Mtu wa posta alituachia mfuko mtupu kwenye kila sanduku la barua. Mama, Mungu amrehemu, alipouona tu akatangaza: "Jamani, posho!" Jumamosi yake Warundi na Wakongo wote wa zile nyumba tulikuwa tumejipanga kwenye masanduku, mifuko mkononi, akina mama wamekalia ndoo, kama tulivyozoea kambini Tanzania. Mama wa posta akafika, akasimamisha gari, akatukodolea macho. Wewe ndiye uliyekuwa na Kiingereza cha shule. Ukaenda kuzungumza naye, ukarudi unatazama chini.

"Mama, hawagawi. Wanaomba. Sisi ndio tutie chakula humo, wapelekewe wenye njaa."

Tulingoja Mama alie. Akaangua kicheko mpaka kitenge kikamfunguka. "Yaani Marekani inaniomba mimi chakula? Spés, kimbia, lete maharage!" Akampa yule mama kwa mikono miwili, kama anamkabidhi mtoto. Ulisema baadaye kwamba siku ile ndipo ulipoitamani kazi ya posta.

Na ukaipata. Kila Mei, Jumamosi ile moja, ulirudi shati limelowa, umebeba kutwa makopo, unga na siagi ya karanga za watu, mgongo umekufa na bado unacheka. Mbwa wa njia yako walikujua kwa jina. Ulijua nani kajifungua, nani kaachwa, mwana wa nani kaingia jeshini. Umbea wa mtaa mzima uliubeba begani, ukamnyima dada yako hata chembe! "Spés, barua za watu zina wenyewe." Nilikuchukia kwa hilo, mdogo wangu, na ningetoa chochote nikuchukie tena.

Sasa tuje kwenye uchungu, maana upo.

Mei ya mwisho ya maisha yako, Cubaka, kaka yake Nabintu, alikuwa amepunguziwa saa kazini, ghala la Okolona. Friji yake ilikuwa inapoza hewa. Jumamosi ile alikuvizia ulipofika kwenye masanduku ya barua, gari limejaa. Mimi nilikuwa dirishani, nilisikia yote.

"Shemeji, uniachie mifuko mbili tu. Nani ataona?"

"Cubaka, chakula cha foleni hakina shemeji. Kituo cha msaada wanagawa Jumanne. Nitakupeleka mwenyewe, tusimame wote wawili."

"Donc, mimi nisimame mu mustari na ile walevi? Weye Jovini, umeshakuwa muzungu!"

Wanaosema ulikuwa na roho ngumu hawakuwepo kambini. Sisi tulikuwepo. Aliyeshika kopo la kupimia posho aliwajazia ndugu zake mpaka likamwagika, na ilipofika zamu yetu, tusio na mtu, akalikung'uta. Ulikuwa mtoto, ukalia, Mama akakuziba mdomo kwa kiganja asije akakasirika yule bwana. Ungewezaje wewe kulishika kopo lile lile?

Jumanne uliomba ruhusa kazini, ukamngoja nje ya mlango wake, injini inanguruma. Pazia lilisogea. Mlango haukufunguka.

Kilichofunguka ni mdomo. Mwanzoni ilikuwa mifuko miwili uliyomnyima. Ilipofika kwenye kwaya, ambayo Cubaka ndiye kiongozi wake, ikawa kumi uliyoiba. Ilipofika Columbus ulikuwa umefungua duka! Dada yetu Dafroza wa huko akanipigia: "Hivi mdogo wetu ana duka la makopo, na mimi naambiwa na majirani?" Tulicheka. Kicheko kile kilitutokea puani.

Ulipokufa niliazima viti kanisani, nikapika wali wa kulisha mtaa, maana matanga kwetu ni nyumba kujaa mpaka watu wakalie ngazi. Viti vikakaa vyenyewe. Waliokuja ni wenzako wa posta, na sare zao. Mama mmoja mnene akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huwa tunaondoka saa ngapi?" Nikamwambia, "Hamwondoki." Akavua viatu, akaingia jikoni kusugua masufuria. Nyimbo zetu hawakuzijua hata moja. Walipiga makofi tu, nje ya mdundo, machozi yanawatoka.

Kwaya haikuja. Ile ngoma yao uliyoiwamba wewe mwenyewe ilibaki kanisani. Makaburini kaka yetu Salvatori aliimba peke yake, sauti ikakatika katikati ya ubeti. Na Cubaka hakuja kumzika mume wa dada yake.

Jumamosi hii tunamaliza msiba. Cubaka amepiga simu. Anataka asimame aseme neno la upande wa mke, kama ilivyo desturi. "Nitasema vile shemeji alikuwa mutu muzuri." Salvatori kafoka kwenye simu: "Akishika maikrofoni, mimi nageuza gari narudi Buffalo!" Dafroza akasema yule ni damu ya Nabintu, tukimfungia mlango tumemfungia na mkeo. Mimi mpenda watu, ninayeumwa nikiona kiti kitupu, nikaenda kumuuliza mkeo.

Nabintu alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Hakuinua kichwa.

"Akuje. Akule mupaka ashibe. Lakini maneno asiseme. Bwana yangu alisemwa ya kutosha."

Basi ndivyo itakavyokuwa, na tunaiandika hapa ili asiwepo wa kusema hakuambiwa. Baada ya ibada, wote karibuni nyumbani Newburg. Chakula kitakuwepo, hatumnyimi mtu. Atasema Salvatori kwa ajili ya familia, na yule mama wa posta aliyetusugulia masufuria, kwa ajili ya kazi yako. Upande wa mke hautakuwa na msemaji.

Tunaokukumbuka: mkeo Nabintu, wanao Aganze na Josiane, kaka yako Salvatori wa Buffalo, dada zako, Dafroza wa Columbus na mimi Spés, na wenzako wa posta, ambao sasa ni ndugu zetu.

Tutakukumbuka siku zote, Jovini, hata mbele ya wanaotaka tusahau.