Mshale wa Mafuta na Mjomba Wako Polikarpi

Bugomora,
Kyerwa, Kagera.
Jumatano, 8 Oktoba 2025

Mpendwa mwanangu Mwesiga,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na mkeo Mackrine na wajukuu wangu. Huko Songea mmeamkaje? Kifua cha yule mdogo kimepona? Tulipoongea mara ya mwisho nilimsikia akikohoa nyuma yako, na tangu hapo namtaja kwenye sala. Hapa nasi tupo. Mvua zimeanza, maharage yako ardhini, na dada yako Jovitha ananihudumia kwa uvumilivu ambao sikumfundisha mimi.

Hali yangu si nzuri na sitaki kuifunika. Wiki iliyopita nilitoka hospitali Nyakahanga. Moyo umechoka, miguu imejaa maji, na usingizi naupata nikiwa nimekaa kitini, maana nikilala chali pumzi inakata. Daktari hakunificha kitu, nami nilimshukuru. Naandika kwa vipande. Ukiona mstari umepinda, ujue hapo nilipumzika.

Barua hii ina haraka. Jovitha atapiga picha kurasa zote akutumie kwenye simu leo hii, kwa sababu zikisafiri kwa basi zitakuta kikao cha Jumamosi kimekwisha. Akizipiga picha atazisoma, na yeye pia hajui nitakayoyasema. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga, mwanangu, Jumapili baada ya ibada. Nikakuuliza bei ya mahindi, nikakata.

Najua umewaandikia wazee wa ukoo kwamba mjomba wako Polikarpi ahame kwenye kibanja cha Kaisho, lile shamba letu la migomba, na kwamba Jumamosi watakaa kulipitisha. Wewe ndiwe mrithi. Marehemu baba yako, mdogo wangu Rwezaura, alimpa shemeji yake ile sehemu ya chini ya migomba kabla ya msiba wa mama yako, na alikufa bila kumsamehe. Unasema huwezi kumwachia ardhi mtu aliyeuza petroli ya gari lililombeba dada yake mgonjwa. Ningeamini hivyo, hata mimi ningemfukuza.

Hakuuza, Mwesiga. Hakuuza hata kifuniko kimoja cha chupa. Nililijua hilo kabla mama yako hajapandishwa garini.

Mwezi wa nane uliniuliza kama ile kombi yangu inaweza kufufuliwa, ubebe wageni wanaokuja kutazama hifadhi, walale humo humo, na ukataka kujua inakula mafuta kiasi gani. Sikukujibu. Nikujibu sasa, kwa sababu habari yote inaanzia hapo.

Niliinunua kwa wazungu wawili, mume na mke, waliokuwa wameizungusha nusu ya Afrika wakachokea hapa Karagwe. Unaikumbuka: kitanda nyuma, jiko dogo la gesi, kabati, paa la kuinuka. Watu wa Kaisho, nilikokuwa nikiishi wakati ule, waliiita Nyumba. Kwa sababu ya kile kitanda ikawa gari la wagonjwa wa kijiji kizima, na Polikarpi ndiye aliyekuwa dereva. Injini yake ndogo, mwili mzito, na milima yetu unaijua. Kwenye tambarare lita moja ingeweza kukupa kilomita nane. Huku, ikiwa imebeba watu na mikungu ya ndizi, haikufika sita. Polikarpi alikuwa akizima injini kwenye miteremko ili kubana mafuta, mpaka nikamkataza kwa ajili ya breki.

Mshale wake wa mafuta ulikuwa na uongo wake, tangu tulipoinunua. Ulilala chini kabisa huku kwenye tangi kukiwa bado na petroli ya kutosha kufika Nyakahanga. Shingo ya tangi imepinda, kwa hiyo hata kijiti cha kupimia hakikufika chini. Tulizoea. Abiria wakiuona mshale umelala wakaanza kunong'ona, Polikarpi aliwacheka. "Mama, usiogope, huyu ni mvivu tu, hulala kabla ya jua kuzama. Akilala ndipo safari inaanza!" Na kweli walifika.

Lakini mimi nilikuwa nalipia petroli, na nikaanza kuona inakwisha upesi mno. Sikufikiria milima. Nilimfikiria Polikarpi. Nikajiambia kwamba yale mafuta yaliyo chini ya mshale, ambayo hakuna jicho linaloyaona, ndiyo anayoyanyonya kwa mpira na kuwauzia vijana wa bodaboda kwenye chupa. Sikumwuliza. Nilikuwa mwalimu mkuu mstaafu, naye ni mtu aliyeishia darasa la saba, nikaona kumwuliza ni kujishusha. Nikaamua kumtegea.

Nilipokwenda Bukoba kwa mambo ya pensheni nilimwambia Polikarpi abaki avune kahawa, nikaendeshwa na mtu mwingine. Kule fundi alishusha tangi, akatoa boya la zamani, lile linaloelea kwenye petroli na kuinua mshale, lililopinda mkono, akaweka jipya. Kuanzia hapo mshale ulisema kweli. Ukilala, tangi ni tupu. Nilirudi Kaisho nikamkabidhi ufunguo nikanyamaza. Nikimwambia, nilidhani, atakuwa mwangalifu na sitamkamata.

Jioni nilikuwa nachungulia mshale kama mwizi kwenye gari langu mwenyewe. Kilichotumika ndicho barabara ilichokula. Hakuna kilichopungua usiku, hakuna kilichopungua akienda peke yake. Siku zile chache zilinitosha. Nikajua mjomba wako ni mtu safi, na kwamba mla mafuta ni kombi yenyewe. Hapo ndipo ningemwambia. Nikaona aibu. Ningeanzaje? Ningesema nimetengeneza mshale kwa sababu nilimdhania mwizi? Nikajiwekea ahadi kwamba nitamwambia Jumapili, kwa njia ya mzaha.

Mama yako Kokuhirwa alianza kuvuja damu siku ya Ijumaa, mchana. Wewe ulikuwa shuleni bweni. Mimba ilikuwa na miezi saba. Baba yako alimbeba mikononi mpaka kwenye kitanda cha kombi, Benadeta jirani akapanda kumshika kichwa. Polikarpi aliwasha gari. Nilikuwa nimesimama dirishani kwake, karibu kiasi cha kuona mshale. Ulikuwa umelala.

Benadeta akasema, "Polikarpi, mafuta! Nichukue dumu pale dukani?"

Polikarpi akajibu, "Dada, tusimcheleweshe huyu mgonjwa. Si unamjua mvivu wetu? Yapo ya kutufikisha."

Kisha akanitazama, mimi mwenye gari, kama mtu anayesubiri neno. Duka lilikuwa kando ya barabara. Ningesema, "Chukua dumu," maneno mawili, bila hata kueleza sababu. Nataka uelewe jambo hili vizuri kwa sababu ndilo ninalokwenda nalo mbele za Mungu: sikusahau. Nilikumbuka pale pale. Lakini niliona kwamba nikisema chukua dumu, ataniuliza kwa nini leo, na mbele ya watu wote itajulikana nilivyomtegea shemeji wa mdogo wangu. Nikajifariji kwamba mshale ukilala kuna matone ya akiba, yatawafikisha Omurushaka penye sheli. Nikasema, "Nendeni, Mungu awatangulie."

Walipita Nkwenda. Injini ilizimika kwenye mlima, mvua inanyesha, hakuna gari. Polikarpi alikimbia kwa miguu kurudi Nkwenda kutafuta petroli. Aliporudi na dumu kichwani, Benadeta alikuwa ameshamfunika mama yako uso kwa kanga yake. Hospitali walipokewa vizuri, lakini hapakuwa na kazi tena isipokuwa kumwosha.

Baada ya mazishi baba yako alifungua kifuniko cha tangi, akakuta hata lile dumu la Nkwenda limekwisha. Alisema mbele ya watu wote kwamba petroli imeuzwa. Polikarpi alilia kama mtoto. "Shemeji, mshale ulikuwa umelala kama siku zote! Petroli ilikuwepo!" Akanigeukia. "Mwalimu, wewe si unaujua mshale wake? Waambie!"

Nikasema, "Mimi sijui mambo ya magari."

Ndivyo nilivyosema. Kuanzia siku ile hakuna aliyempa usukani tena. Watu walipita mbele ya nyumba yake bila kumwamkia. Akija kwenye msiba wowote, alikaa nje ya turubai. Wewe mwenyewe ulikua ukifundishwa kutomwita mjomba, na mimi nilikuwa mezani mlipofundishwa. Kombi niliifungia bandani, nikasema sitaki kuiona kwa uchungu. Watu walinihurumia. Ukweli ni kwamba niliogopa fundi yeyote asije akafungua tangi akaona boya jipya.

Nisingeweza kufa nikiwa nimekuambia wewe tu. Jumatatu nilimtuma Jovitha akamwite Polikarpi kutoka Kaisho, na alipofika nikamwomba Jovitha aende dukani. Mjomba wako amezeeka. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, kofia magotini, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Bado ananiamkia. Nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia. Sikumtazama usoni, nilitazama kofia.

Aliigeuza kofia magotini. Kisha akasema, "Kwa hiyo sikuendesha vibaya?"

Sikuelewa. Akaeleza. Miaka yote hii hakuwa akiwaza kwamba watu wanamsingizia. Alikuwa akijiuliza alikosea wapi kwenye njia. Alikanyaga mafuta mno pale Kaisho kwa hofu? Alipaswa kuzima injini kwenye mteremko, kama zamani, kabla sijamkataza? "Nimeuendesha ule mlima kila siku, Mwalimu," alisema. "Kila siku napunguza kidogo, kidogo, nione kama tungefika."

Nikaanza kumwomba msamaha. Akainua mkono. "Hapana. Mimi usinipe hayo sasa. Mwambie mtoto wa dada yangu kwanza. Kwangu tutaonana baadaye, kama utakuwepo."

"Na kama sitakuwepo?"

"Basi itakuwa hivyo." Akavaa kofia akaondoka. Chai ilikuwa imewekwa mezani; hakuigusa.

Kwa hiyo nimekuambia. Sasa ninaomba mambo mawili, na si kwa faida yangu. La kwanza, kabla ya Jumamosi mpigie mzee Anatory, mwenyekiti wa kikao, umwambie umeondoa neno lako juu ya kibanja, na kwamba sehemu ya chini ni ya mjomba wako kama baba yako alivyoitoa. Wewe peke yako ndiwe unayeweza. Mimi nikisema watadhani ni homa. La pili, barua hii isomwe kikaoni yote, Jovitha asome, hata kama mimi nitakuwa nimelazwa kwenye jeneza chumba cha pili. Wale waliomsikia Polikarpi akilia wengi bado wako hai. Wasikie na hili.

Kuhusu kunizika, usifunge safari kwa ajili ya desturi. Ukishindwa kushika udongo na kuutupa juu yangu, hakuna atakayekulaumu, na ukoo nimeuandikia hivyo. Kombi ni yako. Ukiona inafaa kukatwa vyuma, ikate.

Nisalimie Mackrine sana, umwambie sweta aliyonitumia ndiyo niliyovaa sasa. Wabusu wajukuu. Benadeta, yule jirani, anakusalimu, ingawa macho hayaoni tena. Shangazi yako wa Kaisho anasema anakudai ziara. Mchungaji naye anakuulizia. Juzi alikuja na Chakula cha Bwana nikamwomba arudi nacho, nimalize kwanza kuandika.

Nilimwuliza mjomba wako, akiwa tayari amefika uani, kama ana salamu za kukupelekea. Alisimama. Akasema salamu zake kwako atazitoa mwenyewe, siku utakayompigia. Namba yake Jovitha ataiandika hapa chini, kwa maana mimi sikuwahi kuwa nayo.

Mungu wa baba yako na wa mama yako akulinde, akupe moyo mpana kuliko wangu.

Ni mimi baba yako mkubwa, niliyekupenda tangu ulipozaliwa na kukunyima ukweli tangu ulipokuwa yatima,

Cleophace Kahigi