Paa Wanaponywea Maji Kunguru

Debrecen,
11 Januari 1982.

Mpendwa mdogo wangu Kálmán,

Pokea salamu nyingi huko Winnipeg. Je, mgongo wako umepata nafuu? Na Judit, kikohozi kimemwacha? Mimi ni mzima, ila magoti yananisumbua na usingizi umenikimbia.

Binti yako Emőke ameniandikia kwamba harusi ni tarehe sita Februari, na kwamba wewe umeng'ang'ania ifanyike kijijini kwetu, ukumbini, chini ya paa la dada yako. Niliposoma nililia, wala si kwa furaha.

Unaijua kazi yangu: kutafiti jinsi nyuso za vitu zinavyopinda. Paa lile la zege lina unene wa kiganja tu. Linajibeba kwa sababu limepinda; likilala bapa, litaanguka. Hesabu za umbo lake ni zangu. Usilolijua ni kwamba Szabolcs, mwenyekiti wa kijiji, kabla ya ujenzi aliniomba tulishushe mita moja lisishindane na kanisa. Nikakubali palepale mezani, kijiko cha supu mkononi. Sikurudia hesabu. Niliona aibu kuomba wiki mbili zaidi.

Oktoba nilikuwa juu ya mnara wa kanisa, nikawaona kunguru wakinywa maji juu ya paa. Paa lililopinda sawasawa halina mahali pa maji kutuama. Nikapanda kulipima: katikati pamelala, upana wa kitanda. Desemba nikapima tena. Sasa ni upana wa chumba.

Nilimwendea Szabolcs nikamsihi aufunge ukumbi. Akanimiminia pombe ya plamu, akacheka.

"Profesa, si wewe uliyetuapia kwamba paa hili litadumu hadi lituzike sote? Leo umetishwa na kunguru?"

Nilimwachia barua yenye sahihi yangu, kwamba kosa ni langu. Aliitia mfukoni bila kuisoma. Lakini wewe ni baba wa bibi harusi. Ukiukataa ukumbi, atasikia.

Wageni mia mbili watacheza wakipiga visigino sakafuni, unatujua. Na theluji imeanguka siku nne mfululizo, uzito juu ya uzito. Kunguru hawatui tena pale.

Kálmán, hamisha harusi. Ghala la shangazi Vilma litatutosha. Niletee telegramu. Ukikataa, mwambie Emőke aniwekee kiti katikati ya ukumbi, chini ya palepale palipolala. Sitakaa pembeni.

Nisalimie Judit na kijana wenu Ákos. Mungu awalinde nyote mpaka tuonane.

Wako akupendaye,
dada yako Piroska